Hita ya gesi inawaka sekunde chache inazima, fundi anataka kuidairekti swichi ya hewa. Nimekataa, nisaidieni

#1 MpakaRangi_Vgt

Wakuu, habari za jioni.

Ni msimamizi wa gereji ya bodi na rangi huku Vingunguti. Bosi kanunua chumba cha kupigia rangi, mtumba wa Ulaya, kimeingia na kontena mwezi uliopita. Juu yake kuna sanduku kubwa la hewa: linavuta hewa ya nje, hewa inapita kwenye vichujio, inasukumwa na feni kubwa ya mkanda, inazunguka hita ya gesi, halafu inashuka kwenye dari ya chumba. Gari likishapigwa rangi tunapandisha joto mpaka 60 ili rangi iive. Gesi inatoka kwenye mitungi minne ya kilo 38 iliyounganishwa pamoja.

Jana tuliiwasha kwa mara ya kwanza. Ukibonyeza, feni inaanza, inapuliza kama nusu dakika, unasikia cheche tik tik tik, moto unashika, unauona kwenye kidirisha cha kioo. Hesabu saba, nane, unazima. Mara nyingine taa nyekundu inawaka, mara nyingine inazima kimya bila taa. Tukabonyeza riseti, ikarudia vilevile. Tukabonyeza tena. Mara ya tatu ilipiga "puu!", mfuniko wa bati ukatikisika na skrubu moja ikang'oka. Kijana aliyekuwa kwenye ngazi akaruka chini.

Fundi aliyeletwa anasema swichi ya hewa ni nyeti mno, atoe nyaya mbili aziunganishe kazi iishe. Nimekataa. Bosi kanuna, magari matatu ya wateja yanasubiri. Nimekosea?

#2 Chalii_Knd

Swali dogo mkuu. Dar hii na joto lote hili, hita ya nini? Si mngeyaanika juani?

#3 MpakaRangi_Vgt

Juani kuna vumbi, na vumbi la Vingunguti linalijua gari bichi. Halafu ukipiga rangi masika, unyevu unaingia, mng'ao unapotea, rangi inakuwa kama kioo kilichopumuliwa. Hewa ikipashwa moto inakuwa kavu zaidi. Ndiyo maana.

#4 Mzee_wa_Bomba

Mdogo wangu, hujakosea hata kidogo. Kabla ya maneno mengine, nenda kafunge valvu za mitungi yote minne na mtu asiguse riseti tena. Nitakusubiri.

Ile "puu" ilikuwa gesi ya mara ya kwanza na ya pili. Kila kichomeo kikijaribu na kuzima, kuna gesi kidogo iliyobaki ndani bila kuungua. Ukibonyeza mara ya tatu cheche inaikuta yote pamoja. Safari hii imeng'oa skrubu. Chemba ingekuwa imejaa zaidi ungekuwa unaandika kutoka Muhimbili, au usingeandika.

#5 Kishoka_Umeme

Namuunga mkono mzee. Ila naomba nijibiwe moja: siku hiyo mlikuwa kwenye umeme wa TANESCO au jenereta?

#6 MpakaRangi_Vgt

Mzee shikamoo. Nimetoka kufunga sasa hivi, naandika nikiwa gerejini.

Kishoka, jenereta. Umeme ulikatika mchana.

#7 Kishoka_Umeme

Basi mgonjwa wako namjua.

Ndani ya moto kuna kijiti cha chuma. Boksi la kontroli linapeleka umeme mdogo sana kwenye kile kijiti, moto wenyewe unaupitisha mpaka kwenye mwili wa kichomeo, na unarudi kwenye boksi kwa njia ya waya wa ardhi. Ni mikroampea, yaani sehemu za milioni ya ampea. Hivyo ndivyo boksi linavyojua kwamba moto upo. Sasa jenereta nyingi za gereji zetu nyutro yake inaelea, haijafungwa na ardhi. Moto unawaka vizuri kabisa mbele ya macho yako, lakini boksi halioni kitu. Likishamaliza sekunde zake za kungoja linafunga gesi na kuwasha taa nyekundu. Ukikosea waya wa moto na nyutro, ni hivyohivyo.

Nimekutana na hili kwenye mashine ya kukaushia nguo, hoteli moja ya ufukweni. Kwa TANESCO inafanya kazi wiki nzima, ukiingia jenereta inagoma. Walishabadilisha boksi mara mbili kwa hela nyingi. Kilichokosekana ni waya mmoja.

#8 Mzee_wa_Bomba

Marahaba mwanangu.

Kishoka, maelezo yako ni safi, lakini hesabu inakukataa. Boksi lisiloona moto linakata kwa sekunde mbili, tatu, hata tano. Yeye anasema saba, nane. Maana yake moto ulionekana, ukakubaliwa, kisha ukapotea au kitu kingine kikakata. Mimi naitilia shaka gesi yenyewe. Mwenye uzi, hicho kichomeo huko kilikotoka kilikuwa kinatumia gesi gani? Kuna kibao cha chuma pembeni. Kisome utuandikie kila kilichopo.

#9 Kishoka_Umeme

Mzee, kahesabu kuanzia cheche au kuanzia moto? Watu wakiogopa huhesabu haraka.

#10 MamaVifaranga_Kibaha

Samahani wakuu mimi si fundi, nafuga kuku. Nasema tu kuhusu kuruka vifaa vya usalama maana limenikuta. Hita zangu za gesi za bandani zina kile kidude kinachozima gesi moto ukizimika. Kijana wangu alikifunga na waya kwa sababu kilikuwa "kinasumbua". Usiku wa upepo moto ulizimika, gesi ikaendelea kutoka. Alfajiri nafungua mlango nikasikia harufu, namshukuru Mungu sikuwa na kibatari wala sigara. Vifaranga 300 walikuwa wamelala chini wote, hakuna aliyesimama. Kile kidude kilikuwa kinasumbua kwa sababu bomba lake lilikuwa chafu, kulisafisha ni dakika kumi.

Usikubali kaka.

#11 Deo_Gesi

Pole sana mama.

Lakini wakuu tusitishane, gesi ina harufu, ikijaa utaisikia. Na kwa kuwa ni nyepesi inapanda juu inatoka kwenye paa. Hatari inakuzwa.

#12 Zimamoto_Mstaafu

Hapana Deo, hapa lazima nikusahihishe, na sikusahihishi kwa ubaya.

Gesi ya mitungi ni NZITO kuliko hewa. Ndani yake kuna propani na butani: propani ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, butani ni kama mara mbili. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inajificha kwenye shimo la kukagulia magari na kwenye mtaro. Inayopanda ni methani, yaani gesi asilia, ile ya bomba kutoka Songo Songo. Na ili propani ilipuke inatosha iwe asilimia 2.1 ya hewa mpaka 9.5. Methani inahitaji 5 mpaka 15. Asilimia mbili ni kidogo sana.

Kuhusu pua: pua inachoka. Ukikaa dakika kadhaa kwenye harufu ileile, ubongo unaacha kuisikia. Tarehe 9 Juni 2009 kwenye kiwanda cha chakula mji wa Garner, North Carolina, Marekani, walikuwa wanafunga hita MPYA ya maji ya gesi, kazi kama hii ya mwenye uzi. Haikutaka kuwaka. Wakawa wanatoa hewa iliyokuwa ndani ya bomba jipya, na gesi ikawa inamwagikia ndani ya jengo huku wakitegemea pua ziwaambie lini inatosha. Watu wanne walikufa. Hao walikuwa na mafundi na vifaa kutuzidi.

Na hiyo harufu yenyewe si ya gesi, inaongezwa. Mwaka 1937 shule moja huko New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo kutia harufu kukawa sheria huko.

#13 Deo_Gesi

Nimeelewa mkuu. Nilichanganya na ya bomba. Nafuta kauli.

#14 Pump_Temeke

Hilo la Garner linanipeleka kwenye wazo langu. Bomba jipya linakuwa limejaa hewa. Mara za kwanza kichomeo kinavuta hewa na gesi iliyochanganyika, kinashika, kinakohoa, kinazima. Sisi kwenye oveni za mikate huwa tunalegeza nati ya mwisho tunaacha hewa itoke mpaka gesi safi ije. Mkuu mlitoa hewa?

#15 Zimamoto_Mstaafu

Pump, mnalegeza nati NDANI ya chumba cha mikate?

#16 Pump_Temeke

Dirisha huwa wazi.

#17 Zimamoto_Mstaafu

Ndugu yangu, nakuomba kama mtu aliyewahi kubeba miili: acha. Vuta mpira kutoka kwenye ile nati mpaka nje kabisa, mbali na mtaro, mbali na jiko la mama lishe, mtu mmoja asimame pale na kifaa cha kupimia gesi. Zima kila kitu chenye cheche. Ni dakika kumi na tano zaidi. Na namba yetu ni 114, iandikwe ukutani kwa rangi.

#18 MpakaRangi_Vgt

Wakuu shukrani. Nimepanda juu na tochi. Majibu:

Kibao kimechakaa lakini nimesoma G20, 20 mbar. Hakuna kingine kinachosomeka zaidi ya kilowati 200.

Hewa ya bomba: fundi alilegeza kiungo karibu na kichomeo "kidogo tu". Ndiyo, ndani ya sanduku. Nilikuwepo na sikujua.

Na Kishoka, nimehesabu upya kwenye video ya simu. Kuanzia moto kuonekana mpaka kuzima ni sekunde nne mara ya kwanza, tisa mara ya pili. Hazilingani.

#19 Mzee_wa_Bomba

G20! Nilijua.

G20 ni alama ya gesi asilia, methani, shinikizo milibari 20. Propani ni G31 na huko Ulaya kwa kawaida huwekewa milibari 37. Unajua tofauti yake? Mita moja ya ujazo ya propani ina nishati karibu mara mbili na nusu ya methani. Tundu za gesi za kichomeo chako zimetobolewa kwa ajili ya methani, ni kubwa. Ukipitisha propani humo unamwaga nishati nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Moto unakuwa wa njano, unatoa masizi, masizi yanaganda kwenye kile kijiti cha Kishoka, boksi linapofuka. Na moto wa namna hiyo unatengeneza kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Uliona moto wa rangi gani?

#20 MpakaRangi_Vgt

Chini bluu, juu njano. Tena njano ilikuwa nyingi, inacheza mpaka inagusa ukuta wa chuma.

#21 Kishoka_Umeme

Nampa mzee pointi yake. Sirudi nyuma kwenye nyutro lakini. Sekunde nne ile ya kwanza ni yangu, tisa ni yako.

#22 Hesabu_za_Mwenge

Mmesahau mitungi. Kilowati 200 si jiko la chai. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina kama kilowati-saa 12.8. Gawanya: 200 kwa 12.8 ni kilo 15.6 kwa saa. Kila mtungi unatakiwa kutoa karibu kilo nne kwa saa. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, lazima kichemke kwanza ndipo kitoke kama mvuke, na kinachukua joto kutoka kwenye ukuta wa mtungi. Ukikivuta kuliko uwezo wake kinapoa, kinatoa jasho, kinaganda, shinikizo linaanguka. Moto unashika vizuri kwa gesi iliyokuwa imetulia kwenye bomba, sekunde chache baadaye shinikizo halipo tena.

Weka mita ya shinikizo kwenye kichomeo ukiangalia wakati moto unawaka, si wakati umezima. Ukiwa umezima kila mtungi unaonekana mzima.

#23 Mzee_wa_Bomba

Hoja nzito. Ila moto uliowaka sekunde tisa hauwezi kugandisha mitungi minne, kwa hali ya hewa ya Dar. Ungesema dakika tisa ningekubali. Labda regulata, kile kidude kinachopunguza shinikizo la mtungi, ni ndogo.

#24 Hesabu_za_Mwenge

Regulata ndogo inanitosha mzee, matokeo yake ni yaleyale.

#25 Bajaji_CNG

Si mhamie gesi ya bomba tu? Ya Songo Songo ilifika Ubungo toka 2004, na lile bomba la Mtwara likaja 2015. Mimi bajaji yangu inatumia hiyo, nafuu balaa. Na kichomeo chao si tayari ni cha methani?

#26 Chalii_Knd

Bajaji huwezi kupita uzi bila kutangaza CNG yako, hiyo gesi asilia ya magari.

#27 Bajaji_CNG

Nimesema uongo?

#28 MpakaRangi_Vgt

Hujasema uongo mkuu, na wazo ni zuri. Ila bomba halijafika mtaani kwetu, na nina magari matatu.

#29 Binti_Hewa

Habari zenu. Nafanya kazi ya mifumo ya hewa kiwandani, sanduku kama hilo nalifungua kila mwezi. Mmezungumza sana gesi, mmesahau kwamba hii ni hita iliyo ndani ya NJIA YA HEWA, na swichi anayotaka kuiruka fundi inalinda hicho.

Swichi ya hewa inapima kama feni kubwa kweli inasukuma. Feni ikipungua, moto unaendelea kupasha chuma ambacho hakipozwi. Chuma kinakuwa chekundu, kinapasuka, na ufa wake unaruhusu moshi wa kichomeo kuingia kwenye hewa ya chumba alimo mpaka rangi wako. Kwa hiyo swichi ikigoma, uliza kwa nini hewa ni kidogo. Mara nyingi ni vichujio vimeziba, au mkanda umelegea, au hili ambalo watu hawaliamini: feni inazunguka kinyume. Feni ya aina ya pipa ukigeuza faza haisukumi hewa nyuma, inaendelea kusukuma mbele, ila kidogo. Ukiweka mkono unasikia upepo unasema iko sawa. Mlipohamia jenereta, faza zilibaki kwa mpangilio uleule?

Na hizo mara alizosema inazima kimya bila taa nyekundu, hiyo kwa kawaida ni swichi ya njia ya hewa au ya joto kukata. Taa nyekundu ni boksi limelalamikia moto. Hapo kuna magonjwa mawili, si moja.

#30 Kishoka_Umeme

Dada umenena. La kinyume nimewahi kuliona kwenye pampu sikufikiria feni.

#31 Binti_Hewa

Jambo jingine, mwenye uzi. Kichomeo chenyewe kina kifeni chake kidogo na swichi yake ya hewa, tofauti na ile ya feni kubwa. Hebu fungua kifuniko cha kichomeo, umeme ukiwa umezimwa, uangalie hiyo ya pili. Usiguse kitu, piga picha tu.

#32 MpakaRangi_Vgt

Nimetoka huko, saa nne usiku hii. Mikono inatetemeka kidogo.

Mshale kwenye sanduku la feni unaelekea kulia. Nikamwambia mlinzi awashe jenereta sekunde mbili azime, gesi ikiwa imefungwa. Feni ilikuwa inamalizikia kushoto. Dada umepatia.

Kisha nikafungua kichomeo. Swichi ndogo ipo. Kwenye vituo vyake viwili kuna kipande cha waya wa bluu, kimekunjwa kama pini ya nywele, kimebanwa kwa skrubu. Nyaya nyingine zote mle ndani ni nyeusi zenye namba, huo peke yake hauna namba. Ncha zake zimeshaota kijani. Na mpira mwembamba unaokwenda kwenye swichi ulipotoka, ndani kulikuwa na udongo mkavu mgumu kama kidole, nyigu kajenga.

#33 Zimamoto_Mstaafu

Kwa hiyo kuna mtu alishairuka kabla.

#34 Mzee_wa_Bomba

Na ile nusu dakika ya kupuliza kabla ya cheche haikuwa na shahidi. Kifeni kidogo kinaweza kuwa hakipulizi kabisa, boksi linaambiwa kinapuliza. Gesi ya jaribio la kwanza haikutolewa. Hiyo ndiyo "puu" yako.

#35 Kishoka_Umeme

Hapa kuna kitu hakikai. Maboksi mengi huangalia kwanza kwamba swichi ya hewa iko WAZI kabla feni haijaanza. Yakikuta imefungwa, hayaanzi kabisa. Hili limeanzaje likiwa na jampa, huo waya wa kuruka swichi?

#36 Binti_Hewa

Inategemea huo waya unapata umeme wapi. Kama unalishwa pamoja na mota ya kifeni, kabla ya kuanza unaonekana wazi, feni ikianza unaonekana umefungwa. Aliyefanya alijua anachofanya. Au ni boksi la zamani lisilouliza. Bila mchoro sitabisha.

#37 Pump_Temeke

Ncha za kijani maana yake ni wa siku nyingi. Si wa fundi wako huyo.

#38 Kishoka_Umeme

Kijani kwa unyevu wa Dar kinaota upesi. Usimtoe mtu hatiani kwa kutu.

#39 MpakaRangi_Vgt

Nimemuuliza kwa simu. Anaapa hakuugusa. Sijui nimwamini vipi.

#40 Mzee_wa_Bomba

Mwache kwanza, shika kazi. Nitakuandikia jinsi ninavyowasha mimi kitu cha namna hii, ujue utamuuliza nini atakayekuja.

Kwanza gesi ikiwa IMEFUNGWA kwa mkono, nawasha mfumo mzima mkavu. Feni ianze na mwelekeo wake, kifeni kipulize, cheche ipige, na boksi lifeli kwa taa nyekundu kwa sababu hakuna moto. Lisipofeli hapo, sifungui gesi siku hiyo. Halafu likiwa linapuliza nachomoa mpira wa swichi ya hewa, mmoja, kisha mwingine. Kila mara lazima ligome. Bomba nalijaza hewa ya pampu, naliwekea mpira wa maji wa herufi U na kuliacha, maji yasishuke, na kila kiungo nakipaka povu la sabuni. Hewa naitoa nje kama Zimamoto alivyosema. Ndipo nawasha kwa moto mdogo, wa chini kabisa, nikiwa nimesimama pembeni, kamwe si mbele ya mfuniko. Jaribio likifeli, nasubiri, napuliza upya. Likifeli mara ya pili natafuta sababu, sibonyezi.

Moto ukikaa napima shinikizo ukiwa unawaka, napima moshi: oksijeni, kaboni monoksaidi. Macho hayatoshi. Kisha naifunga gesi kwa mkono moto ukiwa unawaka, nione boksi linakata kwa sekunde ngapi. Kikomo cha joto nakijaribu kwa kushusha kipimo chake mpaka kikate, sikijaribu kwa kuzima feni. Mwisho nazima kawaida na kuangalia kama feni kubwa inaendelea kuzunguka mpaka chuma kipoe. Ikizima pamoja na moto, kazi haijaisha.

Na hayo yote baada ya tundu za gesi kubadilishwa kuwa za propani na kuwekewa seti yake. Kwa hizo za G20, hata swichi zote zikiwa nzima, mimi siwashi.

#41 Binti_Hewa

Niongeze la wapaka rangi. Mkitoka kupiga rangi, chumba kimejaa mvuke wa thina. Wakati wa kuivisha, hewa nyingi inazunguka humohumo kurudi kwenye hita. Iacheni ipite kwenda nje dakika kadhaa kwanza, ndipo hita iwashwe. Mfumo mzuri una taimeri ya hilo. Angalia kama nayo haijarukwa.

#42 Zimamoto_Mstaafu

Na bosi akiendelea kununa, mwambie kwa upole kwamba ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mfanyakazi akiungua ni yeye atakayeitwa, si fundi wa kupita.

#43 MpakaRangi_Vgt

Asanteni sana, sikutegemea yote haya. Nimeongea na bosi asubuhi hii, nikampandisha ngazi nikamwonyesha ule waya wa bluu kwa macho yake. Akanyamaza muda mrefu. Amekubali aletwe mtu wa gesi mwenye kibali, na tundu za propani zinatafutwa. Magari matatu tunayapiga rangi ya kukauka yenyewe usiku, wateja tumewapigia.

Faza za jenereta zimegeuzwa, feni sasa inasukuma mpaka makaratasi yananing'inia kwenye dari ya chumba. Nyutro bado sijaigusa.

#44 Kishoka_Umeme

Usiiguse peke yako. Akija mtu wa gesi mwambie apime mikroampea za kijiti kwa TANESCO, kisha kwa jenereta, aandike zote mbili. Zikilingana nitakuja hapa kumwomba mzee radhi.

#45 Mzee_wa_Bomba

Na mimi nataka picha ya ndani ya chemba kabla hawajasafisha. Kukiwa na masizi meusi laini yanayoshika kidoleni, radhi sizihitaji.

#46 Hesabu_za_Mwenge

Na shinikizo moto ukiwa unawaka. Msinisahau.

#47 MpakaRangi_Vgt

Nitaleta vyote vitatu. Mitungi nimeipitishia mnyororo na kufuli, ufunguo ninao mimi mfukoni. Fundi wa kwanza alikuja leo mchana kuuulizia, nikamwambia hautoki.